Printa Nunua Mwisho
Hotuba kwa mafundi wa mabango na stika, Arua

Mwenyekiti, wazee mliotangulia kwenye kazi hii kwa brashi na kopo la rangi, dada na kaka wa madukani, na ninyi vijana mlioamka alfajiri kutoka Koboko, Nebbi na Yumbe, salamu nyingi.

Niliitwa nizungumzie printa. Ujumbe wa katibu ulisema, "Mzee, watu wanataka kujua wanunue printa ipi." Jibu nalitoa sasa hivi ili mwenye haraka arudi dukani kwake: printa nunua mwisho. Anza na mashine ya kukata, fuatisha vifaa vya kumalizia kazi, halafu kaa chini utazame daftari lako la oda. Daftari ndilo litakalokuambia kama printa inahitajika, na kwa wengi humu ndani litasema bado.

Naona wengine wanacheka. Printa ndiyo inayopigwa picha ikawekwa WhatsApp. Mteja akiingia akaona kichwa cha wino kinakwenda huku na huku, anaamini amefika kwa wenye kazi yao, na plota ya kukata iliyo pembeni wala haitazami. Haya, tuache macho, tuhesabu.

Tuseme umepata printa ya shilingi milioni 24. Sisemi ndiyo bei, bei mtaipata kwa wauzaji. Nataka tu namba inayogawanyika vizuri. Unataka ijilipe ndani ya miezi 24, maana baada ya hapo kichwa cha printa nacho kitaanza kudai mwenzake. Hiyo ni milioni moja kila mwezi. Ukifanya kazi siku 25 kwa mwezi, ni shilingi 40,000 kila kunapokucha. Tuseme tena kila mita ya mraba, ukishatoa flexi (ile plastiki ya mabango), wino, umeme na posho ya kijana wako, inakubakishia 4,000. Basi ni lazima uprinti mita 10 za mraba kila siku, yaani bango la mita 5 kwa 2, siku zote 25, miezi yote 24, kuwe na mvua, kuwe na msiba, shule ziwe zimefungwa. Na mwenye mashine wa Nasser Road, ule mtaa wa printa wa Kampala, akishusha bei ukalazimika kupunguza 1,000 ili umfuate, faida yako inakuwa 3,000, na zile mita 10 zinakuwa zaidi ya 13.

Na atashusha. Mliowahi kutembea Nasser Road na Nkrumah Road pale Kampala mnajua mashine zilivyobanana, mlango kwa mlango, ghorofa kwa ghorofa. Msimu wa uchaguzi, kila baada ya miaka 5, pale hapalali. Mtu ambaye mashine yake inazunguka usiku na mchana anaweza kuishi kwa faida ndogo ya mita moja, kwa sababu mita zake ni nyingi. Wewe wa Arua ukishindana naye kwenye bei ya kuprinti flexi, umekubali kupigana uwanjani kwake na refa ni wake.

Sasa mtumieni huyohuyo. Tuko karibu kilomita 500 kutoka Kampala, lakini faili haipandi basi. Unaituma saa tisa mchana, inaprintiwa jioni, roli inapakiwa kwenye basi la usiku, inavuka Karuma abiria wakikoroma, na asubuhi uko nayo dukani. Unalipa kuprinti kwa bei ya Nasser Road, unaongeza nauli ya roli, na hujabeba mzigo wa kichwa, wino wala fundi. Kisichoweza kupanda basi ni mkono wako, na hapo ndipo pesa ya Arua ilipo.

Chukueni Land Cruiser moja nyeupe, kama hizi zinazopita kila siku kwenda kwenye makambi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi na Bidi Bidi. Mlangoni pana nembo ya shirika. Ubavuni pana jina la mradi na la mfadhili. Nyuma pana namba ya gari kwa herufi kubwa. Kwenye kioo pana ile stika ya mviringo yenye bunduki iliyopigwa mstari mwekundu. Hesabuni ni vipi vinavyohitaji printa. Nembo, labda, kama ina rangi zinazoyeyukiana. Vilivyobaki ni rangi moja, mbili ama tatu, na vinatoka kwenye plota. Tena vinadumu zaidi, kwa kuwa vinili ya rangi, yaani ile plastiki ya stika, ina rangi ndani ya plastiki yenyewe, ilhali kilichoprintiwa ni tabaka jembamba la wino lililokaa juu, na jua letu la Januari linaanza kula njano na nyekundu kabla hujamaliza kukusanya malipo. Shirika halitampeleka dereva na gari Kampala siku 2 kwa ajili ya milango miwili. Litakuja kwako, na litalipa kazi ya kubandika.

Kwa hiyo plota. Hapa nitakaa kidogo.

Watu wanaanza na ndogo, ya roli ya sentimita 60, na kwa herufi za boda boda na vioo vya saluni inatosha kabisa. Ila ukishakubali mpango wa kuprinti Kampala, hesabu inabadilika. Stika ya kuprintia huja mara nyingi kwa roli za upana wa sentimita 127 ama 137. Roli ya 127 ikishuka kwenye basi na plota yako inapokea 60, utakaa sakafuni na rula na wembe ukiigawa vipande, na alama za kukatia zote zimepotea. Mwenye uwezo wa kusubiri miezi michache zaidi asubiri, anunue ya kupokea sentimita 135 tangu mwanzo, na Kampala aagize roli ya 127.

Kubwa kuliko upana ni jicho. Plota yenye jicho inasoma alama nyeusi zilizoprintiwa kwenye pembe za kazi, inajua kazi imekaaje, imepinda kiasi gani, halafu inakata kwa kufuata umbo. Isiyo na jicho inakata herufi za rangi moja basi. Nitawaambia kwa nini hili ni jambo kubwa hapa West Nile: asali. Asali yetu inauzwa mbali, na kila chupa inataka lebo. Lebo ya mviringo, lebo yenye umbo la nyuki, lebo ya kifuniko. Vivyo hivyo siagi ya mti wa shea, sabuni, maji ya kunywa, unga wa muhogo. Lebo 500 zilizoprintiwa Kampala kwenye roli moja na kukatwa hapa na plota yenye jicho ni kazi ya mchana mmoja. Lebo 500 kwa mkasi ni ugomvi wa kifamilia. Basi plota isiyo na jicho, hata kama muuzaji anaitoa kwa bei ya kutupa, mimi nawaambia iacheni.

Muuzaji atawasifia nguvu ya kukata. "Hii ina gramu 500!" Mwacheni aseme. Stika ya kawaida inakatwa kwa gramu 80 hadi 120 hivi. Nguvu ya ziada utaihitaji kwenye stika nene, kama ile ya kuakisi mwanga, na huko nako unabadilisha kisu, unatoa cha nyuzi 45 unatia cha nyuzi 60. Kinachotofautisha plota nzuri na mbaya ni jinsi inavyoshika roli ikiwa inakwenda mbele na kurudi nyuma. Plota za bei ya chini zinatumia mota ya stepa, zina kelele na kwenye kazi ndefu zinateleza. Zenye mota ya sevo ni tulivu na zinajua zilipo. Kama mfuko unaruhusu Graphtec, Summa ama Roland, vizuri. Kama hauruhusu, bado mnaweza kuchagua vizuri kati ya hizi za China kwa jaribio moja ambalo halina gharama.

Muuzaji akikata neno moja la herufi 5 mbele yako, ukashangilia, umeliwa. Mwambie atoe kisu, atie kalamu. Plota nyingi zinakuja na kalamu yake, na isipokuwapo, kipande cha bomba la kalamu ya kawaida kinaweza kulazimishwa kikae. Mwambie achore mstatili wa urefu wa mita 3. Ukimalizika, bila kugusa roli, achore uleule tena juu yake. Inameni mtazame pembe ya mwisho. Mstari wa pili ukilala juu ya wa kwanza, mashine inashika. Mkiona mistari miwili imeachana upana wa kucha, hiyo ndiyo stika itakayopinda kwenye ubavu wa basi, na hakuna programu itakayoitibu.

Kuhusu kisu chenyewe, maana naona vijana wanalaumu mashine na kosa ni la kisu kilichochomoza. Kata mraba mdogo kwenye kona ya roli. Ung'oe. Geuza karatasi ya mgongoni kwenye mwanga. Unatakiwa kuona mkwaruzo hafifu, kama alama ya ukucha, na kidole kikipita kisiusikie vizuri. Ukiona mwanga unapenya, kisu kimetoka mno: unakula kisu, unakula utepe wa plastiki ambao kisu kinapita juu yake, na ukija kuhamisha herufi, karatasi inachanika pamoja nazo. Vumbi la kiangazi hapa likichanganyika na gundi linakaa ndani ya kishikilia kisu, kisu kinashindwa kuzunguka, na pembe za herufi zinaanza kuwa mviringo. Kabla hujanunua kisu kipya, safisha nyumba yake.

Baada ya plota, vifaa vya kumalizia. Hapa wengi wanabana matumizi vibaya. Meza ndefu ya mbao iliyo sawasawa, yenye kioo ama mkeka wa kukatia juu yake, ni kifaa. Bunduki ya hewa moto ni kifaa. Mashine ya kugonga aileti, zile pete za kufungia mabango, ni kifaa, na ile ya mkono inatosha. Halafu laminata ya baridi, ile ya kufunika stika kwa plastiki angavu bila joto, ya upana wa mita 1.6. Kuna za mota na kuna za kuzungusha kwa mkono, na nikisimama Arua napendelea ya mkono, kwa sababu haina haja ya kujua kama umeme upo.

Hapo kwenye laminata pana jambo moja linalotuhusu sisi wa basi la usiku. Wino wa eko-solventi, ule wenye kiyeyushi cha kemikali, hukauka juu mapema, lakini ndani bado unatoa hewa ya kemikali. Unatakiwa kupumua saa 24 hivi kabla ya kufunikwa. Roli iliyoprintiwa jioni, ikazungushwa kwa nguvu, ikafungwa na kusafiri usiku kucha, haijapumua hata kidogo, ingawa saa zimepita. Ikifika, ifungue, izungushe ikiwa legelege, isimamishe mahali penye hewa mpaka kesho yake. Ukiilaminisha asubuhi hiyohiyo kwa sababu mteja anapiga simu, kemikali inabaki imefungiwa ndani, inalainisha gundi, na baada ya wiki chache kingo zinaanza kujikunja kwenye mlango wa gari. Mteja atasema stika yako ni feki. Mwambieni tangu mwanzo siku 2, mtapumua nyote.

Na kwa kuwa tumetaja feki: flexi. Inaandikwa gramu 440 kwa mita ya mraba, na wengine wanaandika tu. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kipime. Kikiwa kweli cha 440, kitakuwa na uzito wa gramu 4.4. Mizani ya dhahabu haikosi mjini hapa, kamwombeni mwenye nayo. Ama pimeni roli nzima: ya mita 3.2 kwa 50, kama ni 440, flexi peke yake ni kilo 70 na kidogo, bado bomba la katikati. Akikuuzia roli ya kilo 55, umenunua kitu kingine. Kwa vinili fuateni kazi. Ile ya monomeriki ni ya kioo na ubao bapa kwa muda mfupi. Ya polimeriki ni ya duka na gari lisilo na mikunjo mingi. Ya kasti ni ya kuvika gari zima, pamoja na mabonde yake, na bei yake inasema hivyohivyo. Msimpe mtu monomeriki kwenye bampa halafu mkazima simu.

Haya, printa. Kuna wenye daftari ambalo limeshajibu. Mnatuma Kampala kila wiki mita zaidi ya zile 10 kwa siku, mna shule, mna mashirika, mna wateja wa Ariwara kule Kongo na wa ng'ambo ya mpaka kule Koboko, na basi likiharibika njiani mnakosa usingizi. Kwenu printa ni halali.

Kwa duka la aina yetu mimi nasema eko-solventi, ya mita 1.6 ama 1.8. Inaprinti flexi, stika, karatasi ya bango, turubai, na harufu yake inavumilika ukiwa na madirisha pande mbili. Mashine kubwa za solventi za mita 3.2, zile zenye vichwa vya Konica 512i, zimetengenezwa kwa mabango ya barabarani. Zina kasi, lakini harufu yake kwenye chumba cha duka la mjini ni ya kumuumiza kijana wako kifua, na bango la upana huo Nasser Road watakuprintia bila shida. Leteksi, kama zile za HP, zinatumia wino wa maji unaokaushwa kwa joto: kazi inatoka kavu na unailaminisha saa hiyohiyo, jambo zuri sana, ila hilo joto linatoka kwenye waya wako wa umeme. Printa za UV zinakausha wino kwa taa na zinaprinti juu ya ubao, bati, kioo. Ni mashine za kupendeza, na wino wake ukiwa haujakauka unawasha ngozi. Sioni kazi ya kuzilisha hapa kwa sasa, labda kwa mwenye soko la Juba. Zipo pia zinazoprinti na kukata ndani ya mashine moja, Roland wanazo. Mimi sizipendi kwa duka dogo: zikikata haziprinti, na zikiharibika umepoteza vyote viwili kwa mpigo.

Ukiuliza bei utasikia majina ya vichwa: XP600, i3200, DX5. Vyote vinatoka Epson, na mashine nyingi za China zinavitumia. XP600 ni cha bei nafuu, ni cha polepole, na maisha yake ni mafupi. i3200 kina kasi zaidi na kinadumu zaidi, na kikifa utalia zaidi. Kwa duka linaloanza, mashine ya XP600 si aibu, ilimradi uweke pesa ya kichwa kingine pembeni tangu siku ya kwanza, kwenye akaunti ambayo simu yako haiifikii.

Kasi wanayoandika kwenye karatasi ya mauzo ni kasi ya rasimu, ile ambayo bango linatoka na mistari kama mkeka. Uliza kasi kwa pasi 6 ama 8, yaani kichwa kikipita mara 6 ama 8 mahali pamoja, ndiyo utakayofanyia kazi. Nendeni na faili yenu kwenye flashi, msikubali picha ya ua ya muuzaji. Ndani ya faili tieni mambo matatu: boksi kubwa la kijivu tupu, maana kijivu hakifichi mistari wala rangi iliyoegemea upande mmoja; maandishi madogo meupe juu ya nyekundu; na nembo ya buluu ya mteja mnayemjua, yule anayerudisha kazi. Kabla ya hapo na baada ya hapo mwambieni aprinti chati ya nozeli, yale matundu ya wino. Ni ngazi za mistari midogo ya kila rangi. Mstari mmoja uliokosekana unaweza kusafishwa. Mistari ikiwa imekosekana mahali palepale kabla na baada ya kusafisha, kichwa kimeanza kwenda.

Halafu ulizeni swali ambalo wauzaji hawalipendi: dampa ya kuchuja wino, kofia ya kichwa na waipa ya kukifuta ziko dukani kwako leo? Nionyeshe. Hivi ni vitu vidogo, vya bei ndogo, na ndivyo vinavyosimamisha mashine. Akisema "tunaagiza", maana yake kontena, Mombasa, Malaba, na wewe umekaa. Ulizeni pia fundi anakuja Arua kwa masharti gani, nani analipa basi na chumba, na jibu liandikwe kwenye karatasi ya mauzo. Mashine nzuri isiyo na fundi ndani ya kilomita 500 ni meza ghali.

Umeme. Wazee wanakumbuka tulivyokuwa nje ya gridi ya taifa, tukingojea kampuni ya umeme ya WENRECo, jenereta na baadaye bwawa la Nyagak. Leo hali ni nyingine, lakini umeme wa Uganda, hata ukiandikwa volti 240, unapanda na kushuka, na kichwa cha printa hakijui siasa. Printa iwe na UPS, ile betri ya akiba, ya onlaini inayoshika bodi, mota na pampu. Hita za kukaushia msizitie kwenye UPS hiyo, zitaimaliza. Ardhi iwe ya kweli: fimbo ya shaba iliyozikwa na kupimwa na fundi umeme, kwa sababu flexi ikivutwa kwenye joto kavu la Januari inajaa umeme tuli, na wino unaanza kuruka kama mbu. Umeme ukikatika katikati ya kazi na UPS ikaishiwa, kichwa kinabaki wazi hewani na wino unaanza kukauka humo. Shika kibebeo chake kwa mkono, kirudishe taratibu mpaka kikae juu ya kofia yake. Fundisheni kila kijana wa dukani kufanya hivyo gizani.

Angalieni sasa tofauti. Plota ya kukata na laptopu havili umeme mwingi, sola ya kawaida na inveta ndogo inavibeba, laminata ni ya mkono, meza haina waya. Duka la kukata linafanya kazi siku ambayo mtaa mzima umezimika.

Leza, na rauta ya kuchonga mbao na shiti, nitazipitia haraka, zinataka siku yake. Leza ya CO2 inakata akriliki na plaiwudi vizuri kupita kitu kingine chochote. Haikati vinili, wala ubao wa PVC, hata kipande kidogo cha kujaribia: PVC ikiungua inatoa gesi ya tindikali inayoumiza mapafu na kula chuma cha mashine yenyewe. Bomba la leza linapozwa kwa maji, na hapa ndipo watu wa kwetu wanapouziwa kitu kisichofaa. Kipoza maji cha CW-3000 ni feni na rejeta tu, hakiwezi kushusha maji chini ya joto la chumba. Chumba chako mwezi wa pili kina nyuzi 33, basi na maji yatakuwa huko, na bomba litachoka mapema. Daini CW-5000 ama 5200, yenye kompresa. Rauta ya CNC ya kubeba shiti nzima ya futi 4 kwa 8 ni uwekezaji wa watu wazima. Lakini kukunja ACP, ile shiti ya alumini yenye plastiki katikati, kwa ajili ya bango la duka, mnaweza kuanza na rauta ya mkono yenye kisu cha umbo la V cha nyuzi 90 na reli ya kuiongoza. Unachonga mfereji upande wa nyuma, unaacha ngozi ya mbele ya alumini na utando mwembamba wa plastiki juu yake, kisha unakunja kwa mikono miwili. Wenye kiwanda wataona aibu, mteja haoni tofauti.

Mitumba: printa iliyotumika sinunui bila kuiona ikiprinti ile chati ya nozeli mbele yangu. Plota iliyotumika nanunua bila hofu nyingi, nikishafanya jaribio la kalamu.

Na wale wanaolenga mashirika, bei ya vifaa si mashine peke yake. Wanataka risiti ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, wengine watakata asilimia 6 ya kodi ya zuio kabla ya kukulipa, na malipo yanaweza kuchukua siku 30. Aliyetia shilingi yake yote kwenye printa hana ya kununulia vinili wakati anangoja.

La mwisho, kuna aliyenishika mkono pale mlangoni akaniuliza: tenda inasema mwombaji awe na mashine yake ya kuprinti, nifanye nini? Swali zuri, na sitamwambia adanganye. Tafuteni wenzenu wawili, muwe watatu, mnunue printa moja kwa jina la kampuni yenu ya pamoja, kila mmoja abaki na plota na duka lake. Inawezekana. Ila andikeni kabla ya kulipa: nani anashika ufunguo, wino unahesabiwaje, kazi ya nani inatangulia siku ambayo wote watatu mna haraka, na kichwa kikifa kila mmoja anatoa kiasi gani. Mashine ya eko-solventi ikikaa wiki nzima bila kuprinti, kichwa kinaziba. Kwa hiyo andikeni pia, kwa jina, ni nani atakayekwenda kuiwasha na kuprinti chati siku za Jumapili na za Idi.

Maswali sasa. Tuanze na mama aliye nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipotaja asali.